Niliingia matembezi ya hisani hapa Pemba kumsaka aliyetoa siri ya mama yangu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo naumaliza. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, si jirani wala "jamaa yangu mmoja". Nikiongeza chumvi, Mungu ananiona.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa mafriji na mafeni, nakaa Madungu, Chake Chake. Kazi hii imenifundisha kushuku. Mteja anakwambia friji limezima lenyewe tu, ukilifungua unakuta mtu kalichoma kisu akibandua barafu. Kwa hiyo mtu akiniambia neno, mimi natazama nyuma ya neno kwanza. Mke wangu Raya husema hata saa ya ukutani naiuliza mara mbili.

Sasa tuje kwa mama.

Mama yangu ni Bi Kazija. Kwao ni Shumba Mjini, akaolewa hapa Madungu. Kasomesha chuo cha Qur'ani uani kwetu zaidi ya miaka thelathini. Nusu ya wanaume wenye ndevu mtaani kwetu wameonja bakora zake. Hakuna anayempita bila kumwamkia, na mwenye baskeli hushuka kwanza.

Miaka kama mitatu nyuma akaanza kubadilika.

Mwanzo ni mambo madogo. Anauliza nani kachukua chai yake, na kikombe kipo mkononi. Anamuuliza Raya, "We mtoto wa nani?" na Raya kaishi nae miaka kumi na mbili. Mara anataka baba aitwe, chakula kinapoa. Baba tulimzika zamani.

Hayo niliyavumilia.

Kilichonivunja ni asubuhi moja alipokuwa anasoma Yasini, akafika katikati akakwama. Akarudi mwanzo. Akakwama pale pale. Akarudi tena. Mara ya nne akaufunga msahafu akanitazama kama mtoto aliyevunja sahani ya watu.

Nikampeleka hospitali. Daktari akasema ni dementia, maradhi ya ubongo, huwapata watu uzeeni, si uchawi wala laana. Dawa ya kuyaondoa hakuna, ila kuna namna ya kuishi nayo.

Mimi nikamshuku daktari. Kijana, ana simu mbili, anaongea haraka.

Nikampeleka mama kwa shehe, akaandikiwa kombe, zile aya zinazooshwa kwa maji, akanywa. Shehe nae akaniambia, "Hamad, dua tutaomba, lakini na daktari msikilize." Nikamshuku na shehe. Nikasema hawa wamepigiana simu.

Hapa ndipo nilipoharibu, wakuu. Someni taratibu.

Watu wa kwetu wana maneno. Mzee wa kawaida akisahau, watasema kazeeka. Lakini mwalimu wa Qur'ani akisahau Qur'ani, hapo midomo haifungi. Watasema kuna jambo kalifanya ujanani. Watasema Qur'ani imemkimbia. Nilijua watasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kulisema neno hilo juu ya mzee mwengine, na nikacheka.

Basi nikaamua kumsitiri mama.

Nikatangaza kwamba yuko Unguja kwa dada yangu, anatibiwa macho. Wageni nikawa nawapokea barazani, ndani hawaingii. Na mlango wa mbele nikaupiga komeo kwa nje. Kufuli sikutia, niliogopa moto. Nikitoka, natia komeo. Raya akienda sokoni, nae anatia komeo, kwa amri yangu.

Raya hakupenda. Siku moja akanambia, "Wamfungia mamako kama mbuzi."

Nikamwambia, "Namsitiri."

"Wamsitiri yeye, ama wajisitiri weye?"

Nikanyanyuka nikaenda kazini. Mwanaume akishindwa hoja hukumbuka kazi.

Tukaenda hivyo mwezi na nusu.

Siku hiyo nimekaa barazani natengeneza feni, akaja Bi Rukia. Huyu ni nesi mstaafu, mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Mkononi ana daftari.

Wakuu mlioko bara, nieleze kidogo. Sisi Wapemba mtu akija na daftari hatumkaribishi chai. Tuna sababu zetu za kuogopa kuandikwa majina, mods mnazijua, sitaki uzi ufungwe. Ukiona daftari unajua jina lako litakwenda mahali usipopajua.

Akaniamkia, nikamwitikia. Akakaa bila kukaribishwa.

"Mamako hajambo?"

"Hajambo. Yuko Unguja, macho."

Bi Rukia akaugeukia mlango. Akalitazama lile komeo la nje. Kisha akanambia, "Jumamosi tuna matembezi ya hisani. Ya watu wenye wazee wa maradhi ya kusahau. Njoo utembee na sie."

"Miye ya n'ni? Miye sina mgonjwa."

"Sikusema unae, mwanangu."

Akasimama, akakung'uta baibui lake, akaenda zake. Daftari hakulifungua hata mara moja, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mtu wa daftari asiyeandika ina maana keshaandika.

Nikajiuliza: nani kamwambia?

Daktari? Shehe? Au ni huyu huyu ninayekula nae sahani moja?

Jioni nikamkabili Raya. Akaapa. Sikumuamini. Akaapa tena kwa msahafu mkononi. Nikamwambia hata wezi wa karafuu huapa. Neno hilo nalijutia hadi leo. Ijumaa asubuhi akabeba mkoba wake akaenda kwao Wete.

Nikabaki mimi na mama.

Usiniulize kwa nini sikumfuata mke wangu. Niliona nina kazi muhimu zaidi. Nitaingia kwenye hayo matembezi, nitatembea katikati yao kama mmoja wao, nitajua wanatafuta nini na nani kawapa jina la mama yangu. Akilini mwangu palikuwa na majibu mawili tu. Ama ni siasa imevaa fulana, ama ni watu wa NGO wanatafuta picha za wazee wetu wakawaonyeshe wafadhili.

Jumamosi asubuhi nikampa mama uji, akanywa, akajilaza. Nikatia komeo. Nikajiambia ni saa mbili tatu tu, nitarudi kabla hajaamka vizuri.

Kiwanjani nikakuta watu kama sitini. Fulana nyeupe, maji ya chupa, kijana mmoja na kamera. Kamera nilipoiona nikasema hapo sawa, nimewakamata.

Tukaanza kutembea. Mimi nikaanza kazi yangu, namsogelea mmoja mmoja namuuliza kama mtu anayepiga soga: "Na weye umekuja kwa n'ni?"

Msichana wa kwanza akanambia kwa uwazi kabisa kaja kwa ajili ya fulana na pilau. Huyu nilimuamini.

Mama mmoja mnene, anahema, akanambia mumewe hawezi kuachwa peke yake hata dakika. Leo jirani kajitolea kukaa nae. "Ndo siku ya kwanza mwaka huu natembea njiani sitazami nyuma," akasema, akaendelea kutembea na kucheka peke yake. Nikaona huyu nae ana matatizo.

Mwalimu mmoja wa skuli akanambia babu yake kasahau, baba yake kasahau, na sasa yeye anasahau majina ya wanafunzi. Hakumalizia. Nikamwambia, "Wanafunzi wako wengi tu, ndo maana." Akashukuru, lakini niliona hakunisadiki.

Halafu nikampata Kombo.

Kombo ni mkulima wa Msuka, kule mwisho wa kaskazini. Mtu wa miaka hamsini hivi, kifua kipana, fulana imembana. Nikamuuliza ana mgonjwa gani. Akanambia mamake, lakini keshakufa, mwaka wa tano huu.

Hapo nikasimamisha masikio. Mamake keshakufa, sasa anatembea ya nini? Huyu ndiye wa siasa.

"Watembea kwa n'ni basi, na mwenyewe keshakufa?"

Akanitazama. Akasema, "Miye mamangu nalimfunga kamba."

Nikadhani sikusikia.

"Kiunoni, na mguu wa kitanda. Alikuwa akitoka akipotea, na miye na'nna shamba. Miezi saba. Kafa na alama hapa." Akajigusa ubavuni, juu ya ile fulana nyeupe. "Leo hii yupo mtu kuno Pemba anakata kamba. Simjui. Nataka anione kabla hajaifunga."

Nikapunguza mwendo, nikamwacha atangulie.

Wakuu, nilidhani matembezi ni kutembea tu, mnafika mnapiga picha mnakula. Kumbe hawa wana utaratibu wao. Kila wakifika kwenye baraza yenye watu, wanasimama. Bi Rukia anatoa salamu. Halafu mmoja wao anatoka mbele anasema: "Baba yangu ni fulani, mnamjua. Ana maradhi ya kusahau. Mkimuona njiani peke yake, mwamkieni, halafu mshikeni mkono, mnipigie simu." Basi. Wanaondoka.

Yaani mtu anasimama mchana kweupe, mbele ya wacheza bao, anamtaja mzazi wake kwa jina.

Nikasema hawa ndio wanaovua watu nguo. Sitara iko wapi? Mzazi wako akuoshe akulishe, kisha uje umtangaze barazani kama mbuzi aliyepotea?

Baraza ya kwanza nikavumilia. Ya pili nikavumilia.

Baraza ya tatu ilikuwa Madungu. Mtaani kwetu. Hatua kama thelathini kutoka mlangoni kwangu.

Naliona komeo langu kutoka pale niliposimama. Nikawa namuomba Mungu mama asiamke akaita. Barazani walikaa watu watano, na mmoja wao ni Faki seremala, mwanafunzi wa mama wa zamani. Wiki ile ile alikuwa kaniuliza khabari ya mama, nikamwambia Unguja, macho yanaendelea vizuri.

Bi Rukia akasalimu. Mwalimu wa skuli akamtaja baba yake. Kisha Bi Rukia akauliza, "Yupo mwengine wa mtaa huu?"

Hakunitazama. Wallahi hakunitazama, alitazama chini.

Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilivaa makubadhi.

Tukaondoka.

Matembezi yakaishia skuli, saa nne kasoro. Wengine wakakaa kusubiri pilau. Mimi nikarudi nyumbani haraka. Siasa sikuiona, na kijana wa kamera nae alikuwa akipiga picha miguu tu. Aliyetoa siri sikumjua. Nilirudi na hasira ile ile.

Komeo limefunguliwa.

Nikaingia. Kitanda kitupu. Uani hayupo. Chooni hayupo. Kikombe cha uji kiko chini, na kanga yake ya kutokea haipo kwenye kamba.

Wakuu, hapa mtu mwenye akili angepiga ukunga mtaa mzima ukatoka. Mimi nilifanya nini? Nilirudisha mlango taratibu, nikatoka njiani natembea kama mtu anayekwenda dukani. Maana nikipiga kelele nitasema nini? Mama kapotea? Si yuko Unguja?

Nikamkuta muuza vitumbua wa kona. Nikamuuliza kwa mbali, "Mama kapita hapa?"

"Kapita! Nikampa shikamoo yake. Nikamwambia karibu Pemba, pole na safari. Macho yake mazuri sasa."

"Alielekea wapi?"

Akanishangaa. "Hamad, miye nimuulize Bi Kazija endako?"

Fundi cherehani, hivyo hivyo. "Nalimwamkia. Kaniitikia vizuri tu." Mwenye bodaboda alizima injini kabisa kwa heshima, akamwamkia, akamuombea safari njema. Mmoja alimvusha barabara. Kamvusha, akamuaga!

Nilihesabu watu tisa. Tisa walimwamkia mama yangu, na hakuna aliyemsimamisha. Na kwa nini wamsimamishe? Mtu mzima, mwalimu wao, kavaa kanga yake sawa, anatembea kama mwenye safari. Kwetu mdogo hamuulizi mkubwa aendako. Na mimi ndiye niliyewaambia kwamba ni mzima.

Kwenye njia panda ya mwisho wa mji mzee mmoja akanambia, "Kasema enda kwao Shumba, babake amngoja. Nikampa salamu zake."

Babake. Babu yangu kafa mimi sijazaliwa.

Shumba ni mwendo wa gari, wakuu, na kiangazi kile jua lilikuwa linachoma lami. Nikakimbia barabara ile kama nusu saa. Simuoni. Nikarudi. Nikaingia vichochoro. Simuoni. Adhana ya adhuhuri ikanikuta nimesimama katikati ya njia, koo limekauka, na nimeshapoteza zaidi ya saa mbili kwa kumlinda mama yangu asisemwe.

Nikageuka nikaenda skuli.

Walikuwa wamekaa chini, masinia ya pilau mbele yao. Nikasimama mlangoni. Nilitaka kumwita Bi Rukia pembeni nimnong'oneze. Mdomo ukakataa kunong'ona. Nikasikia mwenyewe nasema kwa sauti, mbele ya wote:

"Mama yangu ni Bi Kazija. Hayuko Unguja. Ana maradhi ya kusahau, nilimfungia ndani, na sasa katoka na simuoni."

Hakuna aliyeshangaa. Nawaambia ukweli, hilo liliniuma kuliko kama wangeshangaa. Watu walinawa mikono haraka, wakasimama. Yule mama mnene aliinuka na nyama mdomoni. Bi Rukia akawagawa, hawa pwani, hawa sokoni, hawa barabara kuu. Wengine walikuwa tayari wanapiga simu.

Kombo akaja kwangu. "Mamako utotoni akifanya kazi gani?"

Nikaona huyu anapoteza wakati. "Alilima mpunga na mamake, huko Shumba."

"Basi tuwache barabara. Tutazame mabonde ya mpunga."

Tukashuka mabondeni, mimi na Kombo na watu wanne. Bonde la kwanza hamna. La pili hamna. Nilikuwa naita "Mama! Mama!" Kombo akanishika bega, akanambia nisipige kelele, wanaogopa, wanajificha. Kumbe mtu yule kajifunza yote hayo, na wa kumfanyia hayupo tena.

Bonde la tatu, saa kumi hivi, tukamuona.

Yumo matopeni hadi magotini. Kiatu kimoja. Kanga imelowa. Anang'oa majani na kuyapanda mstari, anang'oa na kuyapanda, kama mtu aliyechelewa kazi. Midomo imepasuka kwa kiu.

Nikataka kumrukia. Kombo akanizuia. Akaingia matopeni polepole, akasimama mbele yake ajulikane yupo, akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba baba."

"Jua kali. Hatupumziki kidogo?"

Mama akautazama mstari wake. Akasema, "Bado kipande." Lakini akampa mkono.

Nikafika, nikapiga magoti pale pale kwenye matope. Kombo akamwambia, "Huyu mwanao, Hamad."

Mama akanikagua juu na chini. "Hamad mdogo. Huyu mtu mzima."

Nikalia, wakuu. Sikujizuia wala sikutaka. Nikamshika miguu nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nipe radhi yako."

Akanihurumia kweli, niliona usoni. Akanipigapiga begani kama unavyombembeleza mtoto wa watu. Akasema, "Radhi, mwanangu, kaiombe kwa mamako."

Mwislamu yeyote humu anajua neno hilo lina uzito gani. Mama yangu yupo mbele yangu, mzima, na mwenye kunipa radhi hayupo. Nimemfungia, na aliyefungiwa keshasahau kuwa ni mama yangu. Nilijiona mtu aliyekwisha, dunia na akhera.

Tukampandisha. Njiani akanywa maji chupa mbili.

Nyumbani tukamkuta Faki seremala kakaa mlangoni, macho mekundu. Aliposema kwamba ni yeye aliyefungua nilimwendea kumkunja shati. Hakujitetea. Akasema, "Nilikuwa napita. Nikamsikia mwalimu wangu ndani ananiita: Faki, nifungulie. Kanitambua sauti nikikohoa. Miye nimwambie la? Mwalimu wangu wa chuo?" Kisha akasema, "Nikadhani karejea Unguja."

Nikaachia shati lake. Asubuhi ile alikuwa barazani, hatua thelathini, anasikiliza. Ningefungua mdomo wangu pale, angekaa nae hapo mlangoni hadi nirudi. Badala yake nilifunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Raya alirudi jioni ile ile, kapata khabari Wete. Alimuosha mama miguu, akamtoa miba, akamvisha. Nikamuomba radhi na yeye. Akanambia, "Kamuombe kwanza aliyeandika." Sikumuelewa.

Bi Rukia alikuwa bado yupo, kakaa barazani, daftari mapajani. Nikamuuliza lile swali lililonitoa nyumbani: "Bi Rukia, nani kakwambia khabari za mama?"

Akafungua ukurasa wa mwanzo akanipa.

Wakuu, mama yangu anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wengi wa chuo. Mwandiko wake naujua kuliko uso wangu. Alikwenda kwa Bi Rukia mwenyewe kwa miguu yake, zaidi ya mwaka kabla sijaona dalili yoyote. Alikuwa keshajihisi. Na Raya nae alionyeshwa ukurasa ule wiki moja kabla ya siku hiyo na kuombwa asiseme, ndiyo maana aliapa na kiapo chake kilikuwa cha kweli: hakusema yeye.

Nakuwekeeni alivyoandika, neno kwa neno.

"Mimi Kazija nimeanza kusahau. Niandikeni. Mwanangu Hamad atanificha, namjua, ana haya na ana shaka. Msishindane nae. Mngojeni. Radhi yangu anayo tangu leo, ila asiambiwe mapema, atafanya kiburi."

Niliusoma mara ngapi sijui. Bi Rukia akalichukua daftari lake, maana nililishika kama nataka kukimbia nalo.

Sasa niseme nilichojifunza, halafu niwaachie uwanja.

Siku ile nilizunguka nikiuliza watu kwa nini wanatembea, na kila jibu nikalitafutia hila. Leo naona wengi hawana hila. Mmoja anataka apumue. Mmoja anaogopa zamu yake. Mmoja ana deni kwa mtu aliyekufa na hana pa kulilipa isipokuwa njiani. Na pilau nayo ni sababu, tusidanganyane. Mimi sasa natembea kwa sababu watu tisa walimwamkia mama yangu, na wote tisa walikuwa watu wazuri.

Sikuacha kushuku. Yule wa kamera bado namtazama. Shehe nimemuomba samahani, daktari bado namngojea apunguze simu.

Komeo nimeling'oa. Mama anakaa barazani. Watu wanamjua hali yake, na yale maneno niliyoyaogopa? Yalisemwa, ndiyo. Wawili watatu walisema Qur'ani imemkimbia. Faki akawajibu, sikuhitaji kufungua mdomo. Jioni wanafunzi wake wa zamani huja kumsomea Yasini, wakikosea huwakamata, mara nyengine hukosea yeye na wao hunyamaza.

Mimi bado ananiita baba, au fundi. Siku nyengine mgeni.

Basi wanajukwaa, kwa sababu wengine humu mnapita Chake Chake: mama yangu ni Bi Kazija wa Madungu, asili yake Shumba Mjini. Mfupi, mweupe wa nywele, anatembea kama mwenye haraka. Ana maradhi ya kusahau. Mkimuona peke yake mwamkieni kwanza, hapendi mtu asiye na adabu. Halafu mshikeni mkono, muulizeni endako.

Waliopitia haya, semeni mlivyofanya. Na wewe unayesoma kimya na ndani kwako kuna mlango unaofungwa kwa nje, sitakuuliza jina. Niandikie tu pembeni, nitakungoja.